Chumvi Isizidi Machozi

Naandika kwa ajili ya mtu aliye upande wa ndani wa kamba. Kama umewahi kulazwa kwenye mahema ya kipindupindu, unaijua kamba ninayoisema. Inazungushwa kwenye miti, inafungiwa vitambaa vyekundu, na penye mlango wake pana beseni la dawa la kukanyagia. Ndugu zako wanaishia hapo. Wewe unabaki ndani na ndoo yako. Habari za vimelea na vyoo wataalamu wameshaziandika, sina la kuwaongezea. Mimi nataka kusema jambo ambalo nililitafuta sana wakati ule nisilione kwenye karatasi yoyote, nalo ni jinsi mtu anavyoweza kuwa mpweke katikati ya hema lililojaa watu.

Naitwa Spesioza. Kwetu Burundi nilikuwa mwalimu wa baiolojia. Tulipokimbia tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, mama yake, na binti yetu Keza, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutamka maneno yakaeleweka. Tulipofika ziwani tulikuwa watatu. Mume wangu alibaki njiani, na alivyobaki sitasimulia, maana hiyo si habari ya ugonjwa. Nitasema tu kwamba mama yake hakulia. Alikaza kitenge kiunoni, akampokea Keza kutoka mgongoni kwangu, akaendelea kutembea. Mimi nililia mpaka Kigoma, na kila nilipomtazama yule mama macho yake makavu, nilimchukia kidogo.

Tulipokuwa tunasubiri malori ya kutupeleka kambini, alitupokea mama mmoja wa mtaa wa Buzebazeba hapo Kigoma, Mama Zuhura, mchuuzi wa dagaa soko la Mwanga. Alitupa chumba cha uani. Siku ya tatu alitumwagia gunia la dagaa mbele yetu tuchambue mchanga, akacheka, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe sina, nawapa dagaa." Nilimpenda papo hapo. Mama mkwe wangu hakumwelewa, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini dagaa alizichambua kuliko sisi wote.

Huyu mama mkwe lazima umjue vizuri, bila hivyo mengine hayataingia akilini. Kwetu tunasema mabukwe. Baba yake alikuwa mchukuzi wa chumvi. Alikuwa akiteremka kutoka milimani kwetu mpaka Uvinza, kisha anarudi na mzigo kichwani, umefungwa kwa majani ya mgomba. Katika nyumba aliyokulia, chumvi ndiyo iliyokuwa heshima. Mgeni wa maana aliongezewa chumvi. Siku nilipoingia kwake nikiwa bibi harusi, alinitilia chembe za chumvi kiganjani kabla hajanipa hata maji ya kunywa. Tulipokimbia aliacha vyungu, aliacha mbuzi, akachukua fundo la chumvi kwenye ncha ya kitenge. Sukari hakuitaka. Kwake sukari ilikuwa kitu cha dukani kinachonenepesha minyoo matumboni mwa watoto.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja niliamka tumbo linanguruma, na kufikia mchana nilikuwa sitoi kitu ila maji, meupe kama yale ya kuoshea mchele. Mabukwe aliona, akafanya alichofundishwa. Alichota maji, akatia chumvi ya baba yake, akakoroga, akaniletea.

Nami nilijua. Kwa miaka mingi nilikuwa nikichora ubaoni utando wa seli: tabaka mbili za mafuta, nyembamba kuliko kitu chochote utakachokiona kwa jicho, na humo katikati milango ya protini. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba uhai wote unategemea mlinzi huyu, anayechagua kipi kiingie na kipi kitoke. Kipindupindu kinapomshika mlinzi huyo, milango ya kutolea inabaki wazi, chumvi inamwagika kutoka mwilini kwenda tumboni, na maji yanaifuata. Ukimnywesha mgonjwa chumvi nyingi bila sukari, chumvi hiyo haivuki kuingia mwilini. Inabaki tumboni na kuyavuta hata maji machache yaliyosalia. Nilikuwa nikilisema hilo huku nina chaki mkononi na wanafunzi wanapiga miayo.

Lakini mkaza mwana wa kwetu hakatai kikombe cha mabukwe, sembuse chenye chumvi ya Uvinza. Nilikunywa. Nikatapika. Akasema chumvi haikutosha, akaongeza.

Jioni Mama Zuhura aliporudi sokoni alinikuta nimelala sakafuni. Hakuuliza swali. Aliita watu, wakanipandisha kwenye mkokoteni wake wa dagaa, wakanisukuma mpaka kwenye uwanja mmoja upande wa Kasingirima palipokuwa na mahema. Ninachokumbuka ni harufu ya dagaa na mbingu inayotikisika.

Ndani ya hema kuna kitanda chenye tundu katikati, na chini ya tundu kuna ndoo. Ukishalala hapo, aibu inakuaga mapema, nayo ni afadhali. Walinitundikia dripu mikono yote miwili. Mikono yenyewe sikuitambua: ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima, na nilipoifinya ilisimama hivyo hivyo, haikurudi. Macho yalikuwa yameingia ndani. Misuli ya mapaja ilikaza ikawa migumu kama mawe. Na sauti ilikwenda. Nilifungua mdomo niombe maji, kikatoka kitu kama karatasi inayochanika. Muuguzi wetu, nesi Aneti, Muha wa hapo hapo Kigoma, aliniambia nisihangaike. "Wote humu mnaongea hivyo, mwalimu. Sauti itarudi na maji."

Siku zilihesabiwa kwa chupa za dripu. Hii ilipoisha, ikawa asubuhi. Nyingine ilipofika nusu, ndugu walikuwa wanaanza kuja kwenye kamba. Walisimama kule, wakapaza sauti, na wagonjwa wakajibu kwa mikono. Mabukwe alikuja pia, Keza mgongoni. Alisimama mbali kuliko wote. Hakuniita. Alinionyesha mtoto, kama mtu anayeonyesha mzigo kwamba bado upo, kisha akageuka. Ningemshukuru kama ningekuwa na sauti. Badala yake nililala nikitazama turubai la hema, nikaona kwamba ningeweza kufa pale na hakuna aliyewahi kulijua jina langu ambaye angekuwa ndani ya kamba pamoja nami. Nilikuwa na wagonjwa kulia na kushoto, lakini kila mmoja alikuwa na kifo chake cha kushughulika nacho.

Halafu, nilipoanza kupata nguvu ya kuinua kichwa, alikuja Mama Zuhura peke yake. Nesi Aneti akanisogeza karibu na upenyo wa hema nimsikie.

"Mwalimu!" alipaza sauti yake ya sokoni. "Usishtuke, ila nisiposema utanilaumu. Mtoto naye anaendesha. Tangu alfajiri. Bibi amemfungia ndani, anamnywesha yale maji yake ya bahari. Nimemwambia amlete, hataki kabisa!"

Nilitaka kuinuka, nikadondokea mkono. Nilijaribu kumwambia asimpe yale maji, lakini hakuna kilichotoka. Nesi Aneti aliiona midomo yangu, akamwambia Mama Zuhura amrudie yule bibi, amlete kwenye kamba, na mtoto aletwe pia.

Mabukwe alikuja bila mtoto.

Nesi alimwendea. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Halafu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Wewe sikujui. Nataka mukazana wangu aseme mwenyewe."

Basi wakanibeba kwenye kiti cha plastiki, dripu imefungwa kwenye fimbo, wakaniweka hatua chache kutoka kwenye kamba. Sauti yangu haikufika hata kwenye beseni. Ikabidi yeye asogee, na nilimwona anavyoliogopa lile beseni la dawa, lakini alisogea. Ndugu wa wagonjwa wengine walinyamaza wasikilize. Kwetu mkaza mwana hamfundishi mabukwe kitu, hata faraghani. Anainamisha macho na kusema ndiyo. Mimi nilimtazama usoni mbele ya watu wote. Tulizungumza Kirundi, hapa natafsiri.

"Mama, mlete Keza humu."

"Oya, simleti. Nimeona wanavyotoka humu. Wanatoka wamefungwa kwenye turubai. Mwanangu nilimwacha njiani. Wewe nimekuacha humu. Huyu simwachi mahali."

Nilijua kwamba kwa hilo sitamshinda, na kila neno lilikuwa linanimaliza pumzi. Nikauliza, "Unampa nini?"

"Umunyu na maji."

"Na sukari?"

"Sukari ya nini? Niinenepeshe minyoo?"

Nimefundisha wanafunzi wengi wazito, lakini sijawahi kupata wa namna ile, wala somo ambalo mwanafunzi akilikosa mwanangu anakufa. Ubao sikuwa nao. Nilifumba macho nikamtafuta baba yake.

"Mama, mzee alipotoka Uvinza na mzigo, mto Malagarasi aliuvukaje?"

Alishangaa. "Alilipa hongo. Wenye mitumbwi hawakumvusha mtu bure."

"Na asiyekuwa na hongo?"

"Alikaa ukingoni na chumvi yake mpaka mvua iiyeyushe."

"Tumboni mwa Keza kuna mto kama ule. Ugonjwa huu umeharibu vivuko, umebakiza kimoja. Na hapo chumvi haivushwi peke yake. Mpaka iende pamoja na sukari. Zikivuka zote mbili, maji yanazifuata, yanaingia mwilini. Chumvi ikikosa sukari inabaki ukingoni, na maji ya mwili wa mtoto yanatoka kuifuata."

Alilipapasa fundo la chumvi kwenye ncha ya kitenge.

"Kumbe sukari ndiyo hongo," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kiasi gani?"

Nilimwambia, na wewe unayesoma nakuambia vile vile: maji safi yaliyochemshwa, lita moja. Sukari vijiko sita vya chai, uvisawazishe. Chumvi nusu kijiko cha chai, basi. Nikamwambia mtoto akitapika asubiri kidogo, kisha aendelee kwa kijiko kimoja kimoja. Na macho yakizama, au akiacha kukojoa, amlete hata kama itambidi afumbe macho kupita kwenye kamba. (Wewe usingoje hata hapo. Sisi tulifanya tulichoweza, wewe mpeleke mtoto wako mapema.)

"Vijiko sina," alisema. "Mimi napima kwa vidole."

Nilivijua vile vidole. Vilikuwa vimezoea ukarimu tangu utotoni, na kwa chumvi havikujua kubana.

"Basi onja kabla hujampa. Chumvi isizidi machozi. Ikizidi machozi, mwaga."

Hapo alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. "Machozi," alisema. "Ladha yake nimeisahau."

Nesi Aneti alikuwa amekwenda kwenye begi lake. Alirudi na sukari yake ya chai imefungwa kwenye karatasi, akaiweka chini kando ya beseni, akarudi nyuma. Mabukwe aliiokota, akaifunga kwenye ncha ya pili ya kitenge, mbali na chumvi, akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo sikumwona tena kwenye kamba. Wala Mama Zuhura sikumwona. Mvua ilikuwa inapiga kutwa, njia zilikuwa tope, na nilijiambia kwamba ni mvua. Ndugu wa wengine lakini walikuja na mvua hiyo hiyo, wamejifunika mifuko vichwani. Niliwatazama wote mmoja mmoja. Nesi Aneti aliniahidi angeulizia, ila naye alikuwa anazidiwa na wagonjwa. Kuhara kulikoma, na badala ya kufurahi nikagundua jambo lingine: nilikuwa sikojoi. Uso ulianza kuvimba, kisha miguu. Figo zilikuwa zimekaukiwa mno zile siku za mwanzo. Wakanipakia kwenye gari, wakanipeleka hospitali kubwa.

Kule ndiko nilikojua upweke ni nini hasa. Daktari alisema, "Figo zimelala. Tusubiri ziamke." Hakusema lini, na sikumlaumu. Nilipewa jagi la kupimia mkojo, na kila asubuhi muuguzi alilitazama kisha akanitazama mimi kwa huruma. Nilikatazwa chumvi. Miguu ilikuwa mizito kama si yangu, nikiibonyeza kidole kinaacha shimo. Saa ya kutembelea wagonjwa nilikuwa nageukia ukutani, nijifanye nimelala, ili watu wasione kwamba hakuna anayekuja. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama wa Kiha kutoka vijijini. Yeye alinisemesha Kiha, nami nikamjibu Kirundi, na tukaelewana kama mtu na dada yake. Binti yake alipomletea chakula, aliniletea nami samaki wa kuchemsha bila chumvi, pembeni, kwenye kifuniko cha sufuria. Mungu amlipe. Samaki huyo hakuwa na ladha kabisa, na nilimla mpaka kwenye miiba.

Mama Zuhura alikuja mara moja. Niliposikia sauti yake mlangoni niligeuka upesi mpaka kichwa kikazunguka.

"Keza yu hai?"

Alikaa kwanza kwenye ukingo wa kitanda.

"Sikudanganyi, mwalimu, ndiyo maana nilikuwa naogopa kuja. Malori yalikuja kesho yake, nikiwa Mwanga. Nimerudi nakuta chumba kimefagiliwa. Majirani wanasema Bibi alipanda na kitu mgongoni, amekifunika gubigubi kwa kitenge, mvua inanyesha. Kama kilikuwa kinacheza au hakichezi, hakuna aliyeona."

Nikajua kwamba mabukwe ni mtu anayeweza kubeba maiti ya mjukuu wake asiiache ugenini. Niliijua tabia yake. Huyu simwachi mahali, alisema. Kuanzia siku hiyo, kila nilipofumba macho nilikiona kile kitenge, na sikuweza kukifunua.

Mvua zikaendelea. Siku moja asubuhi, muuguzi alilinyanyua jagi, akapiga kigelegele wodi nzima ikageuka. "Hongera, mama! Hongera sana!" Sikuwahi kupongezwa hivyo hata nilipofaulu ualimu. Yule mama wa Kiha alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nilicheka, na baada ya kucheka nikalia, maana kama figo zimeamka basi sasa nitaruhusiwa, na nikiruhusiwa nitakwenda kujua.

Niliruhusiwa mvua zikiwa zinakatika. Nywele zilikuwa zimepukutika, gauni linanining'inia. Nilipata nafasi kwenye lori la kambini. Kambini nyumba za turubai zilikuwa zinafanana zote, nikawa nauliza kila penye moshi: mnamjua bibi mmoja mwenye chumvi ya Uvinza? Wanawake walinitazama kwa kunihurumia, wakanielekeza huku na kule. Jua lilikuwa linaanza kushuka nilipomwona mabukwe kwa mgongo, ameinama kwenye mafiga. Mgongoni hakuwa na kitu. Nilisimama pale na kifurushi changu, na sikuweza kumwita.

Ndipo kitu kidogo kikachungulia nyuma ya sketi yake. Kilikuwa na makamasi na kimeshika kipande cha muhogo.

"Bibi," kilisema, "huyu nani?"

Niliposogea alijificha. Mtoto wangu mwenyewe alinikimbia kama mgeni mbaya. Sikuwahi kuumia hivyo hata kwa sindano, na sikuwahi kufurahi hivyo, yote kwa wakati mmoja. Nilikaa chini kwenye vumbi. Mabukwe alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vifundo vya miguu, akasema, "Umefika," akarudi kwenye chungu.

Alionja maharage. Mkono ukaenda wenyewe kwenye ncha ya kitenge.

"Daktari amenikataza chumvi, Mama."

Mkono ulisimama. Alilikaza fundo, akapakua. Maharage yangu hayakuwa na chumvi, na yake hayakuwa na chumvi. Tulikula. Keza alikula nyuma ya bibi yake, akichungulia.

Nikamwuliza, "Yale maji ya Keza ulipimaje? Vijiko hukuwa navyo."

"Nilionja. Si ulisema nionje?"

"Ulisema ladha ya machozi umeisahau."

Alisogeza kuni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

"Niliyatafuta," alisema. "Nilikaa na kikombe, mtoto ananitazama macho yameanza kuingia ndani, mimi sina cha kulinganishia. Basi nikamwita mwanangu. Nikamwita kwa jina lake. Yakaja. Nikaonja haya, nikaonja yale, nikamwaga, nikatia upya, mpaka yakalingana."

Niliweka sahani chini. Alimvuta Keza kwa mkono kutoka nyuma ya mgongo wake, akamsukuma mbele taratibu.

"Nenda," alimwambia. "Kamsalimie mama yako."